Mkia wa Foleni

Mwaka 1996 nililipwa shilingi elfu tatu kwa siku nikae kwenye kigoda pale njia panda ya Wandegeya, Kampala, na kuhesabu magari. Usicheke, mwanangu. Dola moja wakati huo ilikuwa inacheza kwenye shilingi elfu moja na ushei, takisi ya kutoka hapo hadi mjini ilikuwa mia mbili, na kwa mia tano ulikula chapati mbili za moto kwa maharagwe ukapata na chai ya kuteremshia. Kijana asiye na mke aliyetiwa elfu tatu mkononi kila jioni alikuwa bwana. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wa kwanza wa rais tangu bunduki ziingie mjini mwaka 1986, na picha za Museveni na za Ssemogerere zilibandikwa kwenye kila nguzo iliyosimama wima. Magari ya kampeni yalipita na vipaza sauti, na mimi nikayatia kijiti kama mengine yote, kwa sababu fomu yangu haikuwa na safu ya siasa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa karatasi yenye mistari, kalamu ya risasi na saa ya mkononi. Kila gari likivuka mstari wa kusimama unachora kijiti. Vikifika vinne, cha tano unakilaza juu yao. Kila robo saa unafunga ukurasa na kufungua mwingine. Fomu iligawanywa kwa aina: magari madogo, malori, mabasi, pikipiki, baiskeli. Kila aina ilikuwa na uzito wake, uliotolewa kwenye kitabu cha Waingereza wawili, Webster na Cobbe, cha mwaka 1966: gari dogo ni 1, lori 1.75, basi 2.25, pikipiki 0.33, baiskeli 0.2. Kamunye, basi letu dogo la abiria, haikuwamo. Hao Waingereza hawakuwahi kuiona Toyota HiAce ya Kampala ikitua katikati ya njia panda kama mwewe, konda mguu mmoja nje, abiria wa nyuma anapiga kelele “mu maaso awo”, yaani hapo mbele, na dereva anasimama papo hapo, taa iwe ya kijani au ya bluu. Kwa ukubwa ni zaidi kidogo ya gari dogo. Kwa tabia ilistahili uzito wa nyumba. Nikaichorea safu yake pembeni kwa rula, na jioni nikaulizwa nimeipa uzito gani, nikajibu kwamba hilo ni la wasomi.

Wandegeya ya siku hizo ilikuwa na harufu tatu, na mtu aliyekaa hapo kutwa aliweza kujua saa kwa pua. Alfajiri ni moshi wa dizeli, mzito, unaoshuka na malori ya matoke kutoka upande wa Bombo. Saa nne jua likipanda, bonde la Katanga chini yake linaanza kutoa pumzi yake ya maji yaliyotuama na mkaa. Jioni ni kuku wa kuchoma na gonja, na Novemba juu ya hayo yote ni nsenene, wale panzi, wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe pamoja na vitunguu, harufu ambayo mimi mtoto wa watu wa pwani nilichukua miaka kuizoea na sasa naitamani. Kwenye miti kalooli, wale ndege wenye vipara na mifuko shingoni, walisimama kama mahakimu wa rufaa na kuchafua paa la gari lolote lililochelewa chini yao. Kulikuwa na mama mmoja muuza mahindi ambaye alijua namba za magari ya maprofesa wote. Kulikuwa na kijana wa magazeti, mwembamba, kovu kwenye nyusi, ambaye alikimbia kati ya magari yaliyosimama na kuuza New Vision upande mmoja wa foleni na Monitor upande wa pili, kwa kuwa, alisema, wasomaji wake hawapendi kuonana.

Unajua tulivyofika huku. Babu yako alitoka Tanga na East African Railways miaka ya hamsini, akapewa nyumba ya kampuni Nsambya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 akasema hana haja ya kuvunjika nayo. Kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha kulia chakula na kugombezana, huku mjini kilikuwa lugha ya kuogopesha. Ukikizungumza dukani, mwenye duka alitazama viatu vyako kwanza kuona kama ni buti. Majeshi yaliyopita yalikuwa yameharibu jina lake, na hata leo, ingawa katiba ilikitambua kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, wako wazee Kampala wanaokisikia na kushika mfuko. Lakini polisi tangu enzi za mkoloni walikuwa wanapangwa gwaride kwa Kiswahili, na kambi yao ya Nsambya ilikuwa jirani na kota za reli. Jambo hilo ndilo lililonitoa kwenye kigoda na kuniingiza kwenye kompyuta.

Aliyeniajiri alikuwa mhadhiri mmoja pale mlimani, Chuo Kikuu cha Makerere. Nitamwita Dokta, kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Alikuwa amesoma Uingereza, akarudi na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu na disketi, na katika chumba kidogo chenye feni isiyozunguka alikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi harusi. Ukikifunua unapata harufu ya vumbi lililopashwa moto. Umeme ukikatika, na ulikatika, tulikaa gizani tukamsikiliza akitueleza kile alichokuwa anakitafuta. Aliita ekspati sistemu, mfumo mtaalamu. Wazo lake lilitoka Stanford huko California, kwa watu kama Edward Feigenbaum, na lilikuwa rahisi kulieleza. Mtaalamu mzuri hafanyi hesabu ndefu. Ana kanuni ndogo ndogo nyingi kichwani, ikiwa hiki basi kile. Mkalishe, mtoe kanuni hizo moja moja, zitie kwenye mashine, na mashine itamuuliza mtu maswali na kutoa shauri. Miaka ya sabini kijana mmoja wa udaktari hapo Stanford, Shortliffe, alitengeneza mfumo ulioitwa MYCIN, wa kutambua vijidudu vya kwenye damu na kupendekeza dawa. Ulipopimwa na mabingwa ukawa sawa nao, na bado haukuwahi kuingia wodini kutibu mtu. Baadaye wakaukamua kanuni zote za ugonjwa, likabaki gamba tupu la kufikiri, unaweza kulijaza chochote. Dokta alikuwa na gamba la namna hiyo kwenye disketi, na alitaka kulijaza njia panda ya Wandegeya.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Alikuwa na fotokopi iliyofifia ya makala ya mwaka 1987 ya watu wawili wa chuo cha Carnegie Mellon, Zozaya-Gorostiza na Hendrickson, walioandika mfumo mtaalamu wa kusaidia kupanga taa za barabarani. Hesabu za sekunde, alisema Dokta, zimekuwa na programu zake zamani. Kinachohitaji mtu mwenye busara ni kupanga nani aende pamoja na nani bila kugongana, nani akate kona wakati gani, waenda kwa miguu wapewe nafasi ipi, na njia panda yenye umbo la ajabu igawanywe vipi. Na huko London kulikuwa na mwenzetu aliyekwisha kulijaribu kwa njia nyingine: Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1942. Si Mahmood Mamdani aliyefundisha hapa Makerere, unayesoma vitabu vyake. Huyu alikuwa mtu wa umeme na mitambo. Mwaka 1977 yeye na Mgiriki mmoja, Costas Pappis, walichapisha kidhibiti cha taa kinachofikiri kwa maneno ya mtaani, foleni fupi, foleni ya wastani, foleni ndefu, bila kusubiri mpaka kila kitu kiwe namba kamili. Kwenye majaribio ya kompyuta kilishinda kidhibiti cha kawaida kilichokuwa kinahisi magari yanayofika. Nilipoambiwa kwamba mtu wa Tanganyika ndiye aliyeifundisha mashine kusema “ndefu kiasi”, sikushangaa hata kidogo. Ndivyo tunavyotoa maelekezo ya njia.

Ila kwanza Dokta alitaka kuona hesabu za zamani zinasemaje, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nalipwa. Webster yule yule mwaka 1958 alikuwa ameandika kanuni ambayo wahandisi wanaifundisha mpaka leo. Chukua sekunde zinazopotea katika mzunguko mmoja wa taa, zile za kuanza na kusimama. Zizidishe kwa moja na nusu, ongeza tano. Kisha gawanya kwa moja toa mzigo. Mzigo ni jumla ya sehemu ya uwezo wa barabara inayodaiwa na kila upande ulioelemewa. Tuseme zinapotea sekunde 12. Mzigo ukiwa 0.7, mzunguko unaofaa ni kama sekunde 77. Ukiwa 0.9, ni sekunde 230. Ukiwa 0.95, ni 460. Unaona inavyokimbia. Sasa, mimi nilikuwa nahesabu kwenye mstari wa kusimama, na Dokta akanihamisha, akasema kwenye mstari unahesabu waliopita. Wanaotaka kupita wako nyuma. Akanituma kwenye mwisho wa foleni ya asubuhi, na kila ilipokua nikawa narudi nyuma nayo na kigoda changu. Namba hizo mpya alipoziingiza, mzigo ukawa 1.1, na mashine ikajibu kwamba taa za Wandegeya zinapaswa kuzunguka kwa sekunde hasi mia mbili na thelathini. Dokta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Namba ilikuwa pale pale. Kitabu kilikuwa kinatuambia kwa adabu kwamba barabara ile ilishaondoka kwenye ukurasa wake.

“Nani anaiendesha hiyo njia panda asubuhi?” akaniuliza. Nikamwambia, Afande. Taa zilikuwepo, siku nyingine zinawaka, lakini kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi aliyefanya kazi alikuwa yule mzee wa sare nyeupe, mrefu, mweusi wa kung'aa, anayeinua mkono bila haraka kama anayepokea kikombe. “Basi huyo ndiye mtaalamu wetu,” akasema Dokta. Afande alitoka Teso, Kiingereza chake kilikuwa cha kuandika ripoti za ajali, Kiganda alikikataa kwa sababu zake, na Kiswahili alikizungumza cha kambini, kimenyooka kama gwaride. Mimi niliishi mtaa wa pili. Nikapandishwa cheo kuwa mtu wa kwenda kumsikiliza, na posho ikawa elfu nne.

Nilikwenda jioni. Afande aliishi kwenye moja ya vile vibanda vya mabati vya duara ambavyo polisi wenyewe waliviita mama-ingia-pole, kwa jinsi mlango ulivyo mfupi. Ndani kulikuwa na harufu ya mukene, wale dagaa wa ziwani, ikichanganyika na dawa ya viatu na joto la pasi ya makaa, kwa kuwa sare nyeupe ilipigwa pasi kila usiku. Mkewe aliweka sigiri nje, akatuletea muhogo wa kuchemsha. “Shikamoo, Afande.” “Marahaba. Keti. Baba yako alikuwa ya reli?” Baada ya hapo hakuniuliza tena habari za nyumbani. Aliingia polisi miaka ya mwanzo ya uhuru. Alisimama barabarani Papa Paulo wa Sita alipokuja mwaka 1969. Alisimama mwaka 1975 marais wa Afrika walipokuja kwa mkutano wa OAU na Amin akiwa mwenyeji, na hadithi yake kuhusu Mercedes za mkutano ule sitaiandika. Aprili 1979, askari wa Nyerere walipoingia mjini, alivua sare akaifukia, maana alisema nyeupe inaonekana mbali mno. Kisha ikafukuliwa, ikafuliwa, akarudi kazini. Serikali zilibadilika, foleni ya Bombo Road ilikuwa pale pale.

Kumtoa kanuni hakukuwa kazi nyepesi. Ukimuuliza unafungua upande gani kwanza, anakwambia “unaona mwenyewe”. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umemkosea adabu. Nikajifunza kuacha kuuliza jumla na kuuliza asubuhi moja moja: jana, lile lori la sementi lilipoharibika, ulifanya nini? Hapo aliongea. Na jambo la kwanza lililonigonga ni kwamba hakuwa anatazama mahali nilipodhani. “Kichwa ya laini inajiangalia yenyewe,” akasema. “Mimi naangalia mkia.” Mkia wa foleni ya Bombo Road asubuhi ulirudi nyuma kuelekea mzunguko wa Kubiri. Ukiwa njiani, si neno, watu wamekaa tu. Ukifika Kubiri ukaingia kwenye mzunguko, basi wanaokwenda Mulago na wanaokwenda Kalerwe, ambao hawana haja na Wandegeya hata kidogo, nao wanakwama, na sasa una foleni nne zilizofungana mikia. Ikiwa mkia unakaribia Kubiri, basi fungua Bombo Road, hata kama upande mwingine wanapiga honi mpaka betri zife. Hiyo tuliiandika kuwa kanuni ya kwanza. Ya pili: ikiwa upande wa kutokea kwenda mjini umejaa, usimruhusu mtu yeyote kuingia, afadhali barabara ikae tupu watu wakutukane, kuliko gari moja kusimama katikati ya njia panda.

Swali la Dokta lilikuwa la haki. Kutoka Wandegeya huoni Kubiri. Kuna kona na mteremko, na karibu kilomita nzima. Alijuaje mkia ulipo? Afande akacheka kwa mara ya kwanza. Wale wapanda baiskeli wenye matoke, alisema, wanapita ubavuni mwa foleni yote kutoka nyuma hadi mbele. Wakimfikia anawauliza, “Mkia wapi?” Nao wanamjibu bila kushuka. Kijana wa magazeti naye alikuwa na kazi hiyo, na malipo yake ni kwamba hakukamatwa kwa kuuza barabarani. Huko Ulaya wakati huo walikuwa wanafukia nyaya chini ya lami ili taa zijue gari limefika. Afande alikuwa na nyaya zake, zinakula na kuvuta sigara.

Kulikuwa na kanuni ya mvua, kwa kuwa ikinyesha baiskeli hutoweka na kamunye husimama chini ya kila mti. Kulikuwa na ya ambulensi za hospitali ya Mulago, na ya mazishi, ambayo hayakatwi katikati hata kama Dokta ana mashine. Ya msafara wa wakubwa hakuisema, alinyoosha tu kidole juu. Lakini ile iliyozua maneno ilikuwa ya mlima. Ikiwa lazima mtu asubiri, asubiri wa Makerere Hill Road. Kwa nini? Kwa sababu nyuma yao hakuna mzunguko wa karibu wa kufungwa, foleni yao inapanda mlima tu na haimdhuru mtu. “Tena ni wasomi,” akaongeza, “wana subira.” Nilipomsomea Dokta kanuni hiyo alinyamaza. Yeye aliishi upande huo. Kila asubuhi kwa miaka alikuwa anakaa kwenye gari lake akiamini kwamba ni bahati mbaya, kumbe alikuwa amehifadhiwa hapo kwa makusudi.

Nami nakwambia, mwanangu, hapo ndipo mambo yote yalipo. Kanuni ya Webster inatafuta jinsi watu kwa jumla watakavyosubiri kidogo iwezekanavyo, na haina uso wa mtu ndani yake. Ni nzuri sana barabara ikiwa bado inatosha. Barabara ikishazidiwa, swali la kupunguza kusubiri linakwisha. Foleni ipo na itakuwepo, linabaki swali la wapi ikae, yaani nani aibebe. Wahandisi wakubwa nao wanalijua, wanaweka taa za kuzuia magari pembeni mwa mji ili katikati pasifungane. Afande alikuwa amelijibu peke yake, kwa kichwa chake, na jibu lake halikuwa limeandikwa popote ambapo mtu wa mlimani angeweza kulisoma na kulipinga. Kuliandika ndiyo faida kubwa niliyoiona kwenye ile ekspati sistemu, kuliko hata mashauri yake. Ukiibonyeza na kuiuliza kwa nini, inakutajia kanuni iliyotumia. Afande hakuwahi kumtajia mtu.

Usidhani mzee alikuwa sahihi katika kila kitu. Alipenda kufungua upande mmoja dakika nne, hata tano. Nilikaa na saa yangu nikaona wazi: dakika ya kwanza magari yanapita yamebanana, kisha yanaanza kuwa na mapengo, kamunye moja, nafasi, gari dogo, nafasi, huku pande nyingine zimesimama zinachoma mafuta. Dokta akachora mchoro, nikampelekea. Afande akautazama kwa heshima, akasema kila akigeuza upande, baiskeli na kamunye zinajaza katikati na anapoteza muda kuzifagia, kwa hiyo bora ageuze mara chache. Tukarudi kupima muda huo unaopotea, na kweli ulizidi ule wa vitabu, lakini haukufika kiasi alichodhani. Wakavutana wiki kadhaa, mmoja mlimani na mwingine mama-ingia-pole, mimi nikiwa posta. Mwisho ikaandikwa: usizidishe dakika mbili, isipokuwa mkia uko Kubiri. Afande alikubali kwa mdomo. Asubuhi iliyofuata nilimpima, akafika mbili na nusu, akanikonyeza.

Kilichoiua kazi yetu hakikuwa hoja. Kwenye kompyuta mfumo ulifanya vizuri: unaujibu maswali yake, mkia uko wapi, mvua ipo, mjini kumejaa, nao unatoa mpango wa taa wa saa ile. Tatizo lilikuwa sanduku la chuma lililosimama pembeni ya njia panda, lile linaloziwasha taa zenyewe. Lilikuwa la zamani, na lilikubali mpango mmoja tu, asubuhi, mchana na usiku. Kanuni zote zile, mihogo yote ile, ikabidi zikamuliwe ziwe namba moja: mzunguko wa sekunde 90. Ilikuwa namba nzuri saa tano asubuhi na mbaya saa moja. Fedha za utafiti zikaisha, Dokta akapata kazi ng'ambo, kompyuta ikarudishiwa kitambaa chake. Afande alistaafu mwaka uliofuata akarudi Teso na ng'ombe wawili na redio. Huko Marekani nako, nilikuja kusoma, mifumo ya namna ile ilikuwa imekwisha kushuka bei. Kanuni zikizidi sana zinagongana zenyewe, na kumkalisha mtaalamu kumtoa maneno ni kazi inayokula miaka.

Mengine umeyaona mwenyewe. Mwaka 2007 mji ulipakwa rangi kwa ajili ya CHOGM, mkutano wa Jumuiya ya Madola, na Malkia. Mwaka 2010 John Quinn na Rose Nakibuule wa Makerere waliandika jinsi ya kupima mwendo wa magari kwa kamera katika miji iliyosongamana kama wetu, nami nikafikiri juu ya kigoda changu. Mwaka 2011 ikaja KCCA, mamlaka ya jiji, Jennifer Musisi akiiongoza, kisha fedha za Benki ya Dunia, na njia panda kama Bwaise na Fairway zikapata taa mpya. Wajapani kupitia shirika lao la JICA wakafadhili kituo cha kuongozea taa pale City Hall, ambapo watu wanazitazama njia panda kwenye skrini. Dar es Salaam walichoka na hesabu wakajenga juu, Mfugale pale Tazara mwaka 2018 na Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Na boda boda, ambazo mwaka wangu zilikuwa za kuhesabika, sasa zinafika mbele ya kila foleni kwa makumi kabla ya gari la kwanza, na sijui kama ile 0.33 ya Waingereza inaweza kuzibeba. Bado utamkuta trafiki amesimama chini ya taa inayowaka vizuri, anaongoza kwa mkono. Watu wanamtukana kwamba anaharibu kompyuta. Mara nyingine wana haki, anaachia upande mmoja mpaka watu wanalala. Mara nyingine mimi hugeuka nyuma kwanza nione mkia uko wapi.

Wewe umesomea mambo haya, na nasikia wanatafuta vijana kwa ajili ya kile chumba cha skrini. Ukiitwa, usiwaulize mashine ni ya aina gani. Watakueleza mpaka jioni. Waulize foleni ya asubuhi wameamua ikae barabara ipi, na waliokaa barabara hiyo waliambiwa lini. Daftari la Afande ninalo bado, lile la mistari lenye jalada la kijani. Mende wamelila pembeni lakini kanuni zote zinasomeka, pamoja na ile ya mlima. Ukilitaka njoo Jumamosi, ila ubebe mfuko wa plastiki, mvua za mwezi huu haziaminiki.